Hongera, Umepungua Kilo Kumi na Mbili

Velukkutty mgema alifariki mwezi wa Februari, kitandani kwake, akiwa ameshikwa mkono na mkewe. Mimi nilikuwapo. Wakauchoma mwili wake, kama ilivyo desturi yao, upande wa kusini wa ua wa nyumba, majirani wakala wali wao wakaenda zao. Siku tisini baadaye simu yake, ambayo sasa ilikuwa ya mjane wake, ikaingiwa na ujumbe:

"Mpendwa Velukkutty! Tumekumisi sana! Hujaonekana kwa siku 90. Usikate tamaa, rudi leo tuanze upya!"

Chini yake kulikuwa na picha ya mwanamke aliyevaa suruali ya kubana, anakimbia huku anacheka.

Ujumbe ulitoka kwetu. Naitwa Jaseentha, ni muuguzi wa Chama cha Tiba Shufaa cha Puthiyakadavu, kando ya mto Chaliyar. Kazi yetu ni kuwafuata majumbani wagonjwa ambao hospitali zimeshanyoosha mikono, tuwasafishe vidonda, tuwapunguzie maumivu, tukae nao. Hatutozi mtu kitu. Miaka kumi na minne nimezunguka na gari la chama, na nimeshatukanwa na wagonjwa, ndugu zao na mbwa wao. Lakini sijawahi kuona mtu amekasirika kama Devayani, mjane wa Velukkutty, siku ile ya Jumanne, alipoingia ofisini na simu ameinyoosha mbele kama tochi.

"Nani hapa amemmisi mume wangu?"

Akaizungusha simu mbele ya macho yetu, mmoja baada ya mwingine.

"Nauliza. Mimi nimelala naye miaka arobaini na miwili, anakoroma kama mashine ya kupasulia mbao, na mimi mwenyewe sijammisi kiasi hiki. Aseme basi huyo aliyemmisi. Ni huyu mwenye suruali?"

Katibu wetu, Hamsakoya, akaichukua simu, akasoma, akaisogeza mbali, akaisoma tena. Hamsakoya ni mwuza mbao, mtu mpana, mwenye moyo mzuri na udhaifu mmoja: anapenda sherehe za uzinduzi. Mwaka uliotangulia kampuni moja ya Kochi ilitujia na programu ya kompyuta ya kuwekea kumbukumbu za wagonjwa. Zawadi. Katibu akawasha taa ya shaba, kama ilivyo ada yetu ya uzinduzi, akapigwa picha akiwa amevaa msuli mpya, picha ikatoka gazetini. Baadaye ndipo tulipogundua kwamba ile programu ilitengenezwa kwa ajili ya majumba ya mazoezi, ya watu wanaonyanyua vyuma ili wapendeze. Wagonjwa wetu iliwaita "wanachama". Mtu asipohudhuria, ilimwita "mwanachama mvivu". Kifo haikukijua kabisa.

"Mama Devayani, tusamehe," Katibu akasema. "Nawapigia sasa hivi."

Akapiga, akaweka sauti ya wazi. Akapokea kijana wa kampuni, Prashobh, mwenye sauti tamu kama sharubati.

"Kaka Hamsakoya, hiyo si kasoro. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa! Wateja wetu wote wanaipenda."

"Wateja wenu wengine wako hai," nikasema.

"Basi mfute jina lake," akasema Katibu.

"Haifutiki, kaka. Mwanachama akishaingia, ameingia."

"Hata akifa?"

"Tutalifikiria kwenye toleo lijalo. Mwakani. Mwishoni mwa mwaka."

Hapo ikasikika sauti kutoka kwenye kona ya kukatia bandeji. "Tufungulieni, tubadilishe wenyewe."

"Nani huyo?"

"Saudamini. Nimefundisha hesabu shule ya serikali miaka thelathini na mmoja."

"Shikamoo, mama. Ndani ya programu ni siri ya kampuni."

"Marahaba. Siri gani? Kwamba hamjui watu hufa?"

Simu ikakatika. Prashobh alisema baadaye ni mtandao.

Huyo Saudamini ndiye hasa ninayemsimulia. Sote tulimwita Ticha, hata Katibu, ambaye dada yake alifundishwa na mama huyu akarudishwa darasa. Alistaafu, akakaa nyumbani wiki tatu, akaona kuta zinamtazama vibaya, akaja kwetu. Jumanne na Ijumaa alikata bandeji, akazikunja zikalingana kama mistari ya daftari, na kutusahihisha Kimalayalam chetu. Hakuna aliyekumbuka kwamba shule zetu za serikali zinatumia kompyuta zenye programu huria tangu zamani, na kwamba Ticha alishazifungua, kuzivunja na kuzitengeneza mbele ya watoto hamsini wanaopiga kelele. Tulimjua kama bibi wa bandeji.

Ijumaa ile nikaenda naye kwa Ouseph.

Ouseph alikuwa mchinjaji. Mikono yake ilikuwa bado mikubwa, lakini sehemu nyingine zote za mwili saratani ya tumbo ilikuwa inazikwangua. Tulimkuta ameegemea mito, machozi yanamtoka. Nikakimbilia mkoba wa mofini.

"Acha, Sista, sina maumivu," akasema. "Nacheka. Soma."

Akanipa simu. "Hongera Ouseph! Umepungua kilo kumi na mbili! Lengo lako limetimia! Waambie marafiki siri yako!"

Kila wiki nilikuwa nampima uzito na kuuandika kwenye ile programu. Mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu. 

"Niwaambie marafiki siri yangu?" Ouseph akauliza. "Varkey ana kitambi, kila siku ananiuliza afanyeje. Nimwambie apate saratani?" Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka mkewe akaja na beseni. Alipopata pumzi akasema, "Nichapishieni. Niitundike pale chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Maisha yangu yote sijapata cheti."

Sisi tulitoka nje. Tukapanda gari, tukavuka daraja. Ticha akasema, "Yeye anacheka kwa sababu ni Ouseph. Mwingine angelia, na tungekuwa ndio tumemliza."

Jumamosi akaomba kikao.

"Iko programu ya kumbukumbu za wagonjwa," akasema, "ambayo waliotengeneza wameiacha wazi. Unaitumia, unaifungua, unaibadilisha, unampa mwenzako. Hospitali nyingi zisizotafuta faida zinaitumia."

"Inauzwa wapi?" akauliza Katibu.

"Haiuzwi."

Katibu akajinyoosha kwenye kiti. "Ticha, kwa heshima zote. Kitu cha bure ni takataka. Kingekuwa kizuri, wangekiuza."

"Hamsakoya, chama hiki kinawatoza wagonjwa kiasi gani?"

"Hatutozi! Unajua hatutozi."

"Basi sisi ni takataka?"

Sijawahi kuona mtu akimeza chai kwa shida vile.

"Halafu," nikaongeza, maana nilishakasirika, "mimi ni muuguzi. Hii programu ya kampuni ni sawa na mgonjwa anayenikataza nisifunue bandeji nikaona kidonda. Nimtibu vipi? Kwa kumpungia mkono?"

Katibu akauliza kama programu mpya itazinduliwa. Ticha akasema ikibidi, taa itawashwa. Basi, akakubali.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuyatoa majina yetu mikononi mwa kampuni. Programu yao ilikubali kuyaonyesha kwenye kioo cha kompyuta, moja moja, lakini kuyatoa yote kwa pamoja ilikataa. Wagonjwa mia tatu na kumi na wawili. Tukakaa siku nne, mimi nasoma, Ticha anaandika, Devayani anatuchemshia chai ya rangi na ndimu. Alikuwa amekuja kuhakikisha, alisema, kwamba mumewe anakufa mara hii kisawasawa.

Tulipofika kwa Velukkutty, Ticha akasita. "Tumwache? Tusimhamishe?"

"Mhamishe," akasema Devayani. "Mwandike marehemu. Herufi kubwa."

Ticha akaandika, herufi kubwa. Devayani akaangalia kioo kwa muda, akajifuta pua kwa ncha ya sari, kisha akasema chai imepoa, sisi wazembe.

Nisikudanganye kwamba kila kitu kilikwenda vizuri kuanzia hapo. Wiki ya kwanza ilikuwa balaa. Herufi zetu za Kimalayalam zilifumuka: jina linaingia zima, linatoka mapande, irabu huku, konsonanti kule. Mgonjwa aitwaye Kunjipennu alitokea kwenye orodha kama safu ya visanduku vitupu. Katibu akapita nyuma yetu, akachungulia, akasema, "Mashallah. Ya bure hii," akaenda zake, na neno hilo ndilo lililomuuma Ticha zaidi.

Akawaandikia watengenezaji mahali wanapoulizana maswali mtandaoni. Aliandika kama anavyoandikia wizara: Mheshimiwa, rejea kichwa cha habari hapo juu. Nikamwambia watamcheka. Baada ya saa nne akajibiwa na mtu wa Kathmandu, Sagun Tuladhar, anayeshughulikia kompyuta za shirika la wagonjwa wa kifua kikuu. Herufi za Kinepali zilimfumukia vilevile mwaka uliopita. Akamtumia mistari tisa ya msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, akamwonyesha pa kuibandika. Ticha akabandika. Kunjipennu akarudi na irabu zake zote.

Katibu alipoambiwa, hakufurahi hata kidogo. Alitaharuki.

"Mtu wa Nepal. Hatujui baba yake. Anataka nini?"

"Hataki kitu."

"Ticha, niko kwenye mbao tangu nina miaka kumi na saba. Hakuna mtu asiyetaka kitu."

Na kumbe alikuwa amesema kweli. Kesho yake Sagun akaandika: dada, nina ombi. Alitaka Ticha aandike maelekezo ya programu ile kwa lugha ya binadamu, hatua kwa hatua, kwa sababu walioitengeneza ni mafundi, na fundi yeyote ukimwambia aandike maelezo atakuambia ana mafua. Ticha akaandika kurasa arobaini. Aliweka na mazoezi ya kufanya nyumbani.

"Nilijua," akasema Katibu, ametulia sasa. Kwa Katibu, mtu anayetaka kitu ni mtu wa kulala naye nyumba moja bila hofu.

Miezi ikapita. Mvua ya Juni ikaja, ikaondoka. Programu ikatulia, na Ticha naye akaanza kuvimba kichwa. Sisemi kwa ubaya. Alikuwa na kiti chake, na mto wa kiti chake, na alitembea ofisini kama mwalimu mkuu siku ya ukaguzi. Kila mgeni alipewa somo: chama kisichoshika funguo za kumbukumbu zake ni mpangaji tu, siku yoyote atatolewa vyombo nje. Sagun alimwandikia mara mbili: dada, kila siku weka nakala, na nakala isikae nyumba moja na mashine. Ticha alimjibu kwamba anajua, amefundisha jambo hilo kabla yeye hajaota meno. Kisha akawa anaweka nakala pale anapokumbuka.

Oktoba radi zikaja. Alasiri moja, tuko ofisini tunapanga dawa, mwanga mweupe ukaingia dirishani pamoja na kishindo chake, bila kupishana. Taa zikazimika. Harufu ya waya ulioungua ikatanda. Kompyuta ilitoa moshi mmoja mwembamba, kama mzee anayemalizia sigara yake ya biri, ikaisha.

"Nakala ya mwisho ya lini?" nikauliza.

Ticha alikuwa amesimama, mikono imeshika mgongo wa kiti.

"Ticha?"

"Siku kumi na moja," akasema. Kisha akakaa chini, sakafuni, juu ya maboksi ya bandeji, mwanamke wa miaka sitini na mmoja. "Mimi ni punda, Jaseentha. Punda mwenye kalamu nyekundu."

Katibu akaitwa. Njiani kote, dereva alituambia baadaye, alikuwa anafanya mazoezi ya hotuba. Aliingia kifua mbele, akafungua mdomo, akamwona Ticha amekaa pale chini na nywele zake zimemwangukia usoni. Akaufunga mdomo. Akavuta boksi jingine, akakaa naye, msuli na yote.

"Mwaka wa kwanza wa biashara," akasema, "nilifunga magogo vibaya. Kumi na tisa yakaenda na mto mpaka baharini. Baba yangu akanipigia makofi. Yaani ya kunipongeza, mbele ya wafanyakazi wote."

"Ukafanyaje?"

"Nikajifunza kufunga kamba. Sasa niambie, unahitaji mashine ya namna gani?"

Kabla ya jioni alileta kompyuta ya ofisi yake ya mbao, pamoja na fundi wa kuweka kinga ya radi juu ya paa. Nakala ya siku kumi na moja nyuma ikapakiwa, ikakubali. Zile siku kumi na moja tukazijaza kutoka kwenye daftari langu la mfukoni, lenye madoa ya dawa na supu ya samaki. Tangu siku ile nakala inawekwa kila jioni, na inakwenda kulala nyumbani kwa Katibu, kwenye kasha lenye kufuli ambalo zamani aliweka hati za magogo. Sagun alipoelezwa yaliyotokea, hakuandika "nilikuambia". Aliandika kwamba yeye alipoteza ya wiki sita. Ticha alimpenda tangu hapo.

Ouseph alidumu kuliko daktari alivyokisia. Mwezi wa Novemba alikuwa ngozi na macho, lakini ulimi ulikuwa bado na nyama. Siku moja nikimbadilishia shuka akaniuliza, "Sista, nikifa mtaandika nini kwenye hiyo mashine ya Ticha?"

Nikaendelea kutandika shuka. Nilikuwa najua. Programu ile ilitengenezwa na watu wa hospitali, na mwisho wa matibabu ilikupa majibu matatu ya kuchagua. Amepona. Amehamishwa. Matibabu yameshindwa.

"Sema. Mimi ndiye ninayekufa, si wewe."

Nikamwambia.

"Yameshindwa!" Akajaribu kuinuka. "Nimekaa hapa miezi minane silii kwa maumivu, naangalia kuku wangu, nagombana na mke wangu mwenyewe nyumbani kwangu, na nyinyi mtaandika yameshindwa? Yameshindwa nini? Mlitaka kunifufua?"

"Tuandike nini basi?"

Akafumba macho, nikadhani amelala. "Mtu wa namna yangu mnamwuliza mambo mawili," akasema. "Amefia pale alipotaka? Na alikuwa na maumivu? Basi. Hayo mengine ni mapambo."

Ticha alipopata maneno hayo hakwenda kula. Alifungua programu, akaondoa kile kipengele cha kushindwa kwa wagonjwa wa aina yetu, akaweka maswali mawili ya Ouseph. Ilimchukua siku tano. Siku ya tatu alikwama, akamwandikia Sagun, akaacha kusema anajua.

Ouseph alifariki Jumatano, saa nne asubuhi, jua limeingia mpaka miguuni pake. Kuku walikuwa wanachakura nje ya mlango. Alikuwa ameniomba nimgeuze upande wa dirisha, nikamgeuza, akasema nina mikono baridi kama samaki wa juzi. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho duniani, na mkewe mpaka leo hajanisamehe kwamba niliambiwa mimi.

Nilirudi ofisini, nikakaa kwenye kiti cha Ticha, hakunikataza. Nikaandika jina. Kioo kikaniuliza: amefia alipotaka? Ndiyo. Alikuwa na maumivu? Nikakumbuka uso wake, nikaandika: Hapana. Nimewazika watu wengi kwenye makaratasi. Yule ndiye wa kwanza niliyehisi nimemwandika sawasawa.

Ticha akayatuma maswali yale kwa watengenezaji wakuu, ili kila atakayechukua programu ayakute humo. Kwanza wakambishia. Mmoja alisema maswali ni mepesi mno. Ticha akamjibu kwa barua ndefu yenye vifungu, na mwisho akamwuliza yeye angependa kuulizwa mangapi siku yake ya kufa. Wakayapokea mwezi wa Januari. Sagun alikuwa wa kwanza kuyatumia Kathmandu. Katibu akadai uzinduzi, tukawasha taa, akahutubia dakika hamsini kuhusu ubora wa vitu vya bure kana kwamba alivibuni yeye, halua ikaisha kabla hajamaliza.

Sasa chama cha tiba shufaa cha mji wa Vadakara nacho kimeichukua programu. Ticha alikwenda huko kwa treni, akakaa nao siku sita, akawagombeza wote. Juzi muuguzi wao, Rasiya, alipiga simu analalamika kwamba kitufe cha kuhifadhi ni kidogo mno, vidole vyake ni vinene, kila mara anabonyeza cha kufuta.

"Kikuze," akasema Ticha.

"Mimi? Ticha, mimi ni muuguzi!"

"Fungua ukurasa wa ishirini na tatu wa maelekezo yangu. Nitasubiri."

Akaweka simu mezani, sauti wazi, akaendelea kukunja bandeji. Tulimsikia Rasiya akihema, akibonyeza, akimwita Mungu wake kwa majina kadhaa. Ilipita kama robo saa. Mara akapiga ukelele.

"Kimekuwa kikubwa! Ticha! Kimekuwa kikubwa mno, kimeziba jina la mgonjwa!"

"Vizuri," akasema Ticha. "Sasa kipunguze."